Mbao Zilizofukizwa Udi

Niliondoka Mwera asubuhi moja baada ya kumaliza chai na muhogo wa jana. Sikuwa na ugomvi na mtu, wala hakuna aliyeniita kokote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nilichoka na majibu yake. Tangu hapo nilikwishachoma chokaa, nimekata mkonge, nimepalilia minazi ya watu, na kila kazi niliiacha nilipojua inavyofanywa. Siku hiyo nilivuka mto Pangani kwa kivuko, nikakuta lori la nazi ng'ambo, nikamuuliza utingo linakwenda wapi. Akasema Tanga. Nikamwambia basi na mimi nakwenda Tanga. Nikapanda juu ya magunia, nikalala njia nzima.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya paleti. Nawaeleza mapema ili msije mkadhani nilikuwa na ndoto. Nyinyi vijana wa siku hizi kila mmoja ana ndoto, na nyingi zinatoka kwenye simu. Mnanijia hapa kibarazani, mnanionyesha picha: "Mzee, tazama kochi la paleti. Mzee, tazama kitanda cha paleti, kabati la vyombo la paleti." Nikiwauliza hiyo paleti ilibeba nini kabla haijawa kitanda, mnanitazama kama nimeuliza kabila la mbuzi.

Paleti ni ile chaga ya mbao inayowekwa chini ya mzigo ili mashine iingize meno yake na kuunyanyua. Inashuka bandarini na vigae, inakwenda ghalani na sabuni, inarudi mjini na mbolea, na hakuna anayeiandikia safari zake. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuitazama moja moja na kusema: hii itumike tena, hii itengenezwe, hii isiguswe. Watu waliniona ninalipwa kutazama mbao. Ni kweli. Na wao walilipwa kutazama saa ya ukutani.

Siku niliyofika Tanga nilipita mbele ya yadi moja njia ya bandarini nikamwona mzee mfupi, amejifunga shuka kiunoni, anagonga mbao kwa nyundo huku ametega sikio. Nikasimama. Akagonga kumi, nimesimama. Akagonga ishirini.

"Yakhe, unataka nini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nataka kujua unasikiliza nini."

"Nasikiliza kama umeondoka."

Huyo ndiye fundi Hamadi, Mpemba wa watu, aliyekulia kwenye karafuu na kuja Tanga kutafuta kitu kisichonukia. Sikuondoka. Jioni alinipa nyundo ya pili, na kwa wiki nzima hakunieleza kitu ila kunitukana kila nilipokosea. Ubao mzima, ukiugonga, unajibu. Uliooza ndani au wenye ufa unatoa sauti ya mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Siku ya tatu niliipitisha paleti iliyonijibu vizuri juu, sikugonga vigogo vya pembeni. Hamadi akaniambia niipande. Nikapanda, nikaruka mara moja, kigogo kikapasuka na mguu wangu ukazama mpaka gotini.

"Sasa umejua," akasema, akaendelea na kazi yake. Kovu ninalo mpaka leo. Hakuna karatasi ya mafunzo iliyonikaa akilini kama kovu hilo.

Misumari alinifundisha kuikagua kwa kitambaa. Msipitishe kiganja kwenye mbao ngeni kama mnampapasa paka. Chukueni kipande cha kanga kuukuu, kipitisheni taratibu juu na chini. Palipo na ncha kitang'ang'ania chenyewe. Nimewaona mafundi wenye kompyuta ofisini wakipitisha kiganja, na nimewaona wakipelekwa kudungwa sindano ya pepopunda. Paleti iliyopinda ilazeni kwenye sakafu iliyonyooka, mkanyage pembe moja baada ya nyingine. Ikicheza kama meza ya mgahawa, msiipakie mzigo mzito juu. Mkiona unga mweupe laini chini ya ubao, ndani kuna bungua wanakula. Mzigo wenu utafika, ila paleti itakuwa imebaki ganda.

Halafu kuna muhuri. Hapa ndipo wasomi wengi wamepotelea.

Paleti inayovuka mipaka hupigwa muhuri wa moto ubavuni: suke la ngano, herufi za nchi ilikotoka, namba ya aliyeitengeneza, na herufi mbili za mwisho. HT maana yake mbao imepikwa kwa joto ili wadudu wafe. MB maana yake imepigwa gesi ya sumu. Ya MB iacheni, isiingie nyumbani wala kwenye banda la kuku. Isiyo na muhuri kabisa hamjui ilivyofanywa, kwa hiyo msijifanye mnajua. Mpaka hapo ni rahisi, na kila mtu aliyesoma ukurasa mmoja anaweza kuwahubiria. Asichowaambia ni kwamba muhuri ni cheti cha kuzaliwa. Unasema mbao ilizaliwaje. Hausemi ilikwenda wapi baadaye, ilimwagikiwa nini, ililala na nani.

Nilikaa Horohoro, mpakani, msimu mmoja, miaka ya baadaye, nikikagua mizigo ya mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka bidhaa Mombasa. Palikuwa na jamaa mmoja pale aliyekuwa na chuma chake cha kupigia mihuri, amekichonga mwenyewe. Suke lake la ngano lilikuwa mwiba wa samaki mtupu, una kichwa na mkia. Alipiga paleti mia moja kwa asubuhi moja, nyingine zina ukungu wa kijani, nyingine zina magome bado. Na bwana mkubwa mmoja, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, alipita na kalamu akiweka alama ya vyema kwenye kila mwiba wa samaki. Nikamwuliza kama amewahi kuona ngano. Akaniambia nisimfundishe kazi. Kweli, hakuwa wa kufundishika.

Kwa hiyo sikilizeni la madoa, ambayo hukaguliwa kwa pua, maana hilo ndilo lililoniuma mimi mwenyewe, na kwa hilo sina wa kumcheka.

Tajiri wa yadi yetu ya Tanga, sote tulimwita tajiri tu, alikuwa mtu wa kupenda baraka. Kila Ijumaa asubuhi alizunguka yadi na chetezo, mkaa mwekundu, udi na ubani, akifukiza kila pembe, kila rundo, mpaka choo. Alisema biashara inapenda harufu nzuri. Hamadi alichukia jambo hilo kuliko alivyochukia mvua.

"Anazifukiza mbao kama biharusi," alininong'oneza. "Sasa mie ntanusa nini? Ijumaa weye hesabu, panga, piga misumari. Usikague doa."

Nilimsikia. Nilidhani ni ukaidi wa kizee. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini na nilikwishajiona pua yangu imezidi yake.

Msimu wa karafuu ulipofika Hamadi alikwenda zake Pemba kuwasaidia ndugu zake kuchuma, kama kila mwaka. Yadi ikabaki na mimi. Alhamisi jioni liliingia lori la paleti alizonunua tajiri mwenyewe, hakusema wapi. Ijumaa asubuhi akafukiza. Saa tatu akaingia mama mmoja wa makamo, kanga mbili safi, sauti ya kuamrisha. Alitoka Kigombe, kijiji cha wavuvi njia ya Pangani, na jina lake Bi Mwanaidi. Alikuwa akikausha dagaa, na kwa miaka yote alikuwa akiwaanika juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani. Sasa alikuwa amepata mteja mkubwa, mpishi wa shule moja ya bweni, kwa sharti moja: dagaa wasiwe na mchanga. Watoto walikuwa wamekataa kula. Akataka paleti ishirini atandike nyavu juu yake.

"Ziwe safi," aliniambia. "Hiki ni chakula, si saruji."

"Zitakuwa safi, mama."

"Usiniitikie tu. Zitazame."

Nikazitazama. Nikagonga, zikajibu. Nikapitisha kitambaa, nikapigilia misumari mitatu. Muhuri ulikuwepo, HT, suke la ngano la kweli. Chini ya nyingi palikuwa na madoa ya kahawia. Nikainama nikanusa. Nikasikia udi. Nikanusa ya pili, udi. Tajiri akapita na kanzu yake nyeupe akielekea kuoga kwa ajili ya sala, akasema, akiniita kwa jina la kwetu kama kawaida yake, "Harakisha, Mwera, mama asicheleweshwe." Nikasema safi. Nilisema kwa sauti ya fundi, mikono kiunoni, kama nilivyomwona Hamadi akifanya.

Jumamosi nilikuwa Muheza kutwa kuleta mzigo mwingine. Jumapili saa nne nilipita karibu na paleti zilizobaki za lori lile lile. Udi ulikuwa umekwishapeperuka na jua limezipiga tangu asubuhi. Harufu ilinikuta hatua tano kabla: kitunguu thomu kilichooza, na ndani yake kitu kikali kinachokamata koo. Nilikuwa nimefanya vibarua vya kupulizia dawa mashambani. Sikuhitaji kuambiwa.

Nikamfuata tajiri ofisini.

"Zile za Alhamisi zilitoka wapi?"

"Zilitoka zilikotoka."

"Zinanuka dawa ya kuulia wadudu."

"Ijumaa hazikunuka. Wewe mwenyewe ulisema safi."

"Ijumaa hata choo kilinuka udi, tajiri."

Akaweka kikombe chini. "Hata kama. Dagaa wanakaa juani. Jua linaua kila kitu."

"Jua linakausha. Dawa haiendi popote."

"Mwera, umesoma mpaka la ngapi?"

"La sita."

"Mimi nina kidato cha nne," akasema, akanyanyua tena kikombe. Ndiyo ilikuwa hoja yake yote, na aliiona imetosha. Akaongeza kwamba nikienda Kigombe nisirudi. Kwa haki yake, hilo alilisema kwa adabu.

Nilitoka nikakuta gari dogo la barafu linalokwenda Kigombe kufuata samaki. Dereva alikuwa mnene, mcheshi, anaitwa Shabani. Nilikaa juu ya barafu njia nzima na sikulala. Nilikuwa nikiwafikiria wale watoto waliokataa mchanga. Sumu hawangeikataa, kwa sababu dagaa wangekuwa wazuri, wameng'aa, hawana hata chembe ya kusaga menoni.

Kigombe nilikuwa sijawahi kukanyaga, nilipita tu siku ile juu ya nazi nimefumba macho. Nilimkuta Bi Mwanaidi nyuma ya nyumba yake na dada zake wawili, sufuria kubwa ya maji ya chumvi inachemka, na paleti zangu ishirini zimepangwa safu mbili, nyavu juu, dagaa wamejaa wanameta.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Umenikumbuka? Zitazame zilivyopendeza."

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mkupuo, udi, lori, madoa, na kwamba aliyesema safi ni mimi. Dada zake wakaacha kugeuza dagaa. Yeye hakuacha.

"Nani kakutuma?" akasema. "Wale wauza dagaa wa kule mbele? Walikuwa wanaitaka shule hiyo tangu mwezi ule."

"Hakuna aliyenituma. Nimefukuzwa kazi kwa kuja hapa."

"Kwa hiyo nifurahi?"

"Nipe maji ya moto, mama. Si hayo ya dagaa. Ya chai."

Mdogo wake akaleta birika. Nikaondoa wavu kwenye paleti ya pembeni, nikaigeuza, nikamimina maji juu ya doa kubwa, tukangoja kidogo. Mbao ikipata joto na unyevu inatapika kila ilichokunywa. Nikampa tahadhari aliyonipa Hamadi: usichomeke pua, simama mbali, ipunge harufu kwa mkono ikujie. Akapunga. Akapunga tena. Uso wake haukubadilika, lakini kanga ya kichwani aliivuta akaziba pua.

"Nyingine," akasema.

Tukamimina ya pili, ya saba, ya kumi na tatu. Birika likaisha, likaletwa jingine. Zote zilikuwa na jibu moja. Wavu haukuwa umezuia kitu, maana dagaa wabichi walidondosha maji yao kwenye mbao kutwa nzima na mvuke wake ukawarudia wenyewe.

Nikamwuliza kama dagaa waliopita juu yake ni hawa tu.

Dada mkubwa akajishika shavu. "Tenga la kwanza lilikauka tangu asubuhi," akasema. "Nililiweka barabarani Shabani alipakie, la mpishi."

Bi Mwanaidi alikuwa amekwishaondoka kabla sijaelewa. Mama wa makamo, kanga mbili, alikimbia mpaka barabarani kama anafukuza mwizi, na mimi nyuma yake. Shabani alikuwa amekwishafunga turubai na amewasha injini.

"Shusha tenga langu."

"Bi Mwanaidi, mzigo ukishapanda kwangu umeshakwenda. Liko chini ya samaki wa watu."

"Shusha, Shabani."

"Unanipotezea barafu."

Bi Mwanaidi alipanda gurudumu la nyuma, akafungua turubai mwenyewe, akaanza kunipokeza matenga ya watu moja moja, mimi nayapanga chini, Shabani analalamika na Mungu wake. Tenga la nne lilikuwa letu. Alishuka nalo amelikumbatia. Halafu akamwambia dereva, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza sukari, "Mwambie mpishi dagaa wake si kesho. Ni Alhamisi. Akikuuliza sababu, mwambie Mwanaidi amesema hawakukauka."

"Na akitafuta mwingine?"

"Atafute. Wewe fikisha maneno."

Shabani akarudisha matenga, akaondoka. Tukabaki barabarani na tenga moja la dagaa wazuri kuliko wote niliowahi kuona. Kazi ya siku mbili ya wanawake watatu, na bahari haikumpa mtu dagaa kwa kumwonea huruma.

Tuliporudi jirani mmoja alikuwa amekwishafika uani. Alisikia paleti hazitakiwi, akaja kuziomba ziwe kuni. Sikumbuki nilimjibu nini, ila nakumbuka Bi Mwanaidi alimwambia, "Kapike na moshi wake uwape wanao, si unataka." Jirani akajiona mtu mwenye shughuli nyingine. Na nyinyi mkumbuke hilo: mbao iliyokunywa dawa haichomwi, moshi wake ni dawa ile ile imeota mbawa. Inawekwa kando, inafunikwa, inarudishwa kwa aliyeiuza. Zile ishirini zilirudi Tanga kwa gari la Shabani wiki hiyo hiyo, zikashushwa mlangoni kwa tajiri, siku ya Ijumaa, akiwa na chetezo mkononi. Shabani alinisimulia, na sikumwomba anisimulie mara moja tu.

Lakini Jumapili ile alasiri ilikuwa haijafika huko. Bi Mwanaidi aliketi kwenye kigoda, akanitazama kama mtu anayetazama kifaa kilichoharibika na kuwaza kama kinafaa kutengenezwa.

"Alhamisi," akasema. "Dagaa wanataka siku mbili za jua. Kwa hiyo nataka chanja za fito, juu ya nguzo, kufika kifuani, kabla ya Jumanne asubuhi. Unajua kujenga chanja?"

"Sijui."

"Haya."

"Lakini nitajua."

Dada mdogo akacheka kwa pua. "Huyu ndiye aliyejua kunusa," akasema.

"Mwache," Bi Mwanaidi akamwambia. "Amekuja mwenyewe. Tajiri wake hajaja." Kisha akaniuliza, "Una pa kulala?"

Nikasema sina. Sikuwa nimelifikiria. Nilitoka yadini na nguo niliyovaa na kile kitambaa cha kukagulia misumari mfukoni.

Akanipeleka kwenye chumba cha nyavu, kibanda cha udongo pembeni mwa ua, mlango wa bawaba moja, dirisha halina kitu. Ndani mlikuwa na marundo ya nyavu, madumu, na kitanda kimoja cha mbao kikongwe kimeegemezwa ukutani. Tukakilaza pamoja. Akatoka kufuata mkeka, na mimi, kabla sijakaa, nikajikuta nimekigonga kwa vifundo vya vidole, nimekipitisha kitambaa, nimepiga magoti nimeinamia ubao wa kichwani napunga mkono.

Alikuwa amesimama mlangoni na mkeka kwapani. Sijui tangu lini.

"Ni mninga," akasema. "Alikitengeneza marehemu mume wangu. Hakikubeba kitu ila yeye."

Nikainuka, sina pa kuweka uso.

"Hapana, nusa," akasema, akautupa mkeka juu ya kitanda. "Nusa mpaka uridhike. Ukimaliza, jembe liko nyuma ya mlango. Dagaa wanataka shimo refu, kuku wa hapa wanafukua."